Mifupa ya Samaki Katika Nchi Kavu
Msafiri atokaye Nairobi kwenda Magadi, akiisha kupita Oltepesi, huona nchi kame isiyodhaniwa kuwa na samaki. Lakini kando ya Ziwa Magadi, katika matabaka ya udongo mkavu, imeonekana mifupa ya samaki wa jamii ya perege walioishi yapata miaka 9,000 iliyopita. Walikuwa wakubwa kuliko wa leo, kwa kuwa ziwa lilikuwa pana na magadi yake hayajawa makali. Mvua zilipopungua, maji yalikauka. Jamaa zao wadogo wamesalia penye chemchemi za moto. Aonaye mifupa hiyo asiichimbue, bali awapashe habari watu wa Makumbusho ya Taifa. Maana ikiondolewa mahali pake, ushahidi wake hupotea.