Kambini au mtaani? Kilichowakuta wakimbizi wa Burundi Mishamo na Kigoma

Watu wawili wanakimbia mauaji yaleyale, mwaka uleule, kutoka nchi moja. Mmoja anapelekwa kambini. Mwingine anajipenyeza mjini na kupanga chumba. Miaka 13 baadaye, bado watajiona watu wa aina moja?

Jibu lilipatikana magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1985 na 1986, mwanaanthropolojia Liisa Malkki alizungumza na Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengine walikuwa Mishamo, makazi makubwa yaliyofunguliwa msituni upande wa Mpanda. Wengine walikuwa Kigoma mjini.

Mishamo haikuwa kambi ya mahema na waya. Watu walipewa mashamba, wakalima, wakauza mazao. Ila kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Malkki alikuta watu wanaosimulia historia ya Burundi karibu kwa namna moja: nani alikuwa wa kwanza katika nchi ile, nani alimdhulumu nani, watu waliuawa vipi. Kwao kuitwa mkimbizi haikuwa aibu. Ilikuwa alama kwamba wao ni taifa lililo uhamishoni, na siku moja litarudi.

Kigoma mambo yalikuwa kinyume kabisa. Watu walioa na kuolewa na wenyeji, wakafanya biashara, wakachanganyika. Wengi hawakutaka kabisa kuitwa wakimbizi. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, kwa hiyo kujichanganya hakukuwa kazi kubwa.

Malkki aliyaandika haya katika kitabu Purity and Exile cha mwaka 1995. Kwa ufupi, kambi hailishi na kulinda watu tu, inawatengeneza pia. Ukiwakusanya watu wenye jeraha moja mahali pamoja na kuwafungia njia, jeraha linageuka kuwa siasa.

Kabla yake, Barbara Harrell-Bond, aliyeanzisha kituo cha masomo ya wakimbizi Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1982, alikuwa amewafuatilia Waganda waliokimbilia kusini mwa Sudan baada ya Idi Amin kuanguka. Aliona kwamba wengi walijitafutia makazi wenyewe vijijini, huku mashirika yakihangaika na walioko kambini tu. Kitabu chake cha mwaka 1986, Imposing Aid, kiliwaudhi watu wa misaada. Alisema mashirika yanatoa hesabu kwa wafadhili, si kwa mkimbizi, na yanamchukulia mtu mzima aliyelima na kulea familia kama mtoto asiyejiweza.

Halafu ikaja Goma. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Zaire, na ndani yao walikuwemo wanajeshi walioshindwa na Interahamwe. Wauaji wakashika uongozi wa kambi na kusimamia mgao wa chakula. Madaktari Wasio na Mipaka tawi la Ufaransa waliondoka mwishoni mwa mwaka huo, wakikataa kuwalisha wauaji. Fiona Terry, aliyefanya kazi na shirika hilo kambini, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya swali hilo gumu: ukibaki unamsaidia muuaji, ukiondoka unamwacha mtoto mwenye njaa. Ufanyeje?

Kama kambi zina matatizo yote haya, kwa nini serikali bado zinazipenda? Sababu zao si za kipuuzi. Ni rahisi kuikosoa kambi ukiwa Oxford. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Afisa aliyekuwa pale alihitaji mahali pa kuweka matangi ya maji siku ileile. Shida huanza pale dharura inapogeuka kuwa miaka 30. Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991, Kakuma mwaka 1992, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao humohumo.

Uganda ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Utafiti wa Alexander Betts na wenzake wa Oxford, uliotoka mwaka 2014, ulikuta kwamba Kampala, mkimbizi mmoja kati ya watano hivi alikuwa na biashara iliyoajiri mtu mwingine, na asilimia 40 ya walioajiriwa walikuwa raia wa Uganda. Yaani yule anayeitwa mzigo ndiye anayemlipa jirani mshahara.

Tanzania nayo, mwaka 2014, ilianza kuwagawia vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000, wakiwemo wa Mishamo.

Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021, na mwaka 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Kakuma na Dadaab kuwa miji ya kawaida ambako wakimbizi na wenyeji watatumia shule na hospitali pamoja. Mwaka huohuo Marekani ikakata misaada, na mgao wa chakula Kakuma ukapunguzwa sana. Aliyenyang'anywa nusu ya unga wake angeweza kwenda kutafuta kibarua Eldoret au Nairobi. Lakini kutoka Kakuma, kama Mishamo ya zamani, bado kunahitaji kibali.