DNA: Undugu wa Mibuni na Kazi Yetu

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale, neno DNA twalisikia. Ni kitu gani, nacho kinakaa wapi?

Kila kiumbe hai kimejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Ndani ya karibu kila seli mna DNA, yaani nyuzi zenye maagizo ya urithi. Imo katika jani, mzizi na mbegu ya mbuni, kama ilivyomo katika ngozi yako. Herufi zake ni 4 tu, zile zile kwa mtu, muwa na mbuni. Kinachotofautiana ni mpangilio. Watu wawili wowote, tajiri na kibarua, hufanana kwa asilimia 99.9 hivi.

Sasa tutazame kahawa. Arabika ya Mlima Elgon ina kromosomu 44, robusta ina 22. Wataalamu walipolinganisha DNA, waliona kwamba arabika ni mtoto wa robusta na kahawa nyingine ya mwituni, eugenioides. Wazazi hao wote wawili humea mwituni hapa Uganda.

Lakini arabika ya mashambani ilitokana na miche michache, hivyo DNA yake inafanana mno. Kutu ya majani ikiushinda mti mmoja, yaweza kulishinda shamba zima. Shamba likiugua, kiwanda cha kukoboa kinasimama, na kibarua ndiye wa kwanza kurudishwa nyumbani.

Kinga imekwisha kupatikana kwa ndugu: mbuni wa kisiwa cha Timor, mchanganyiko wa arabika na robusta, uliwapa wataalamu miche inayostahimili kutu. Basi tudai miche ya namna hiyo, na tulinde misitu yenye kahawa ya mwituni. Humo mna akiba ya kazi yetu.