Kompyuta Ikikataa Kuwaka Baada ya Kubadilishwa Kifaa, Rudisha cha Zamani Kwanza

Mwenye saiba Kawangware anashuka mjini asubuhi na mapema, ananunua RAM iliyotumika katika duka moja la Luthuli Avenue, kisha anapanda matatu ya nambari 46 kurudi kazini. Anafungua kompyuta, anachomeka kifaa, anabonyeza kitufe. Feni inazunguka lakini skrini inabaki nyeusi. Kwenye benchi kuna wateja wanaotaka kuwasilisha marejesho ya ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, na mwingine amekuja kulipia leseni ya biashara. Kila saa ikipita, mapato ya siku yanapungua.

Hali kama hii inaweza kumpata mwenye saiba Kangemi, mwanafunzi wa Riruta au ofisi ndogo ya Westlands. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa katikati ya jiji ni zilizotumika ng'ambo, na wenye nazo huziongezea RAM au kuziwekea diski ya SSD ili ziende kasi. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, sababu za kubadilisha vifaa zimeongezeka.

Jambo la kwanza kujua ni kwamba kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi jana, na ikakataa baada ya kufunguliwa leo, mara nyingi haijafa. Kuna kitu hakikuingia vizuri, hakipatani na bodi, au kiliguswa bila kukusudia. Kununua kompyuta nyingine, au kukubali diski ifutwe, ni hatua za mwisho.

Hatua nne za kuanza nazo

1. Kompyuta izimwe na waya wa stima uchomolewe ukutani. Kisha kitufe cha kuwasha kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe.
2. Kabla ya kugusa chochote ndani, mtu aguse chuma kitupu cha kasha la kompyuta. Umeme tuli wa mwilini, ambao mtu huenda asiuhisi, unaweza kuharibu RAM.
3. Kifaa kipya kitolewe na cha zamani kirudishwe mahali pake.
4. Kompyuta iwashwe.

Ikiwaka, basi bodi kuu ni nzima na tatizo liko kwenye kifaa kipya au namna kilivyowekwa. Ikikataa bado, huenda kuna waya uliolegea wakati wa kazi. Baada ya hapo, kirudishwe kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, na kompyuta iwashwe kila mara. Aliyebadilisha RAM, diski na kadi ya picha kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kinachogoma.

Haionyeshi dalili yoyote ya uhai

Ikiwa hakuna taa wala feni inayozunguka, uchunguzi uanze nje: soketi, ekstensheni, waya wa stima na swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai. Ndani, itazamwe kebo kubwa ya umeme inayoingia kwenye bodi, ile ndogo ya prosesa, na nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kitufe cha kuwasha. Hizi nyembamba huchomoka kwa urahisi mkono unapopita.

Aliyebadilisha pawa saplai awe mwangalifu zaidi. Baadhi zina swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Umeme wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo ni lazima iwe kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, pawa saplai inaweza kuungua mara tu inapowashwa. Pia, kompyuta nyingi ndogo za Dell na HP hutumia pawa saplai zenye umbo na kebo za kipekee, na ya kawaida haiingiliani nazo.

Pawa saplai yenyewe isifunguliwe nyumbani. Ndani yake kuna umeme unaoweza kumdhuru mtu hata baada ya waya kuchomolewa.

Feni inazunguka, skrini ni nyeusi

Hapa mshukiwa wa kwanza ni RAM. Itolewe, kisha irudishwe kwa kusukumwa sawasawa pande zote mbili hadi vishikizo vibane. Ikiwa kuna zaidi ya moja, ijaribiwe moja moja, katika nafasi moja baada ya nyingine. Sehemu zake za rangi ya dhahabu zikiwa na uchafu, mafundi wengi huzisugua taratibu kwa raba safi ya penseli.

Aina ya RAM ni muhimu. DDR3 na DDR4 zina pengo mahali tofauti, hivyo moja haiwezi kuingia kwenye nafasi ya nyingine. Ikigoma kuingia, isilazimishwe. Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho: RAM za seva, ambazo wakati mwingine huuzwa kwa bei nafuu, huingia vizuri kwenye bodi ya kompyuta ya kawaida lakini kompyuta haiwaki. Mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

Kama kilichoongezwa ni kadi ya picha, kebo ya monita ihamishiwe kwenye kadi hiyo. Wengi huiacha kwenye tundu la zamani la bodi na kudhani kompyuta imeharibika. Baadhi ya kadi pia huhitaji kebo yake ya umeme kutoka kwenye pawa saplai.

Kompyuta ikipiga mlio, milio ihesabiwe na kuandikwa: mingapi, mirefu au mifupi. Baadhi ya modeli hutumia taa zinazowaka na kuzima badala ya mlio. Hiyo ni lugha ya kompyuta ya kutaja sehemu yenye hitilafu. Kila kampuni ina yake, na maana hupatikana kwenye kitabu cha maelezo cha modeli husika.

Nembo inatokea, kisha inasimama

Kompyuta inayofika kwenye nembo ya kampuni halafu ikasema haioni diski ya kuwashia ni nzima kwa sehemu kubwa. SSD mpya hutoka dukani ikiwa tupu. Ni lazima Windows iwekwe humo, au yaliyomo kwenye diski ya zamani yanakiliwe kwanza. Kebo ya diski nayo huenda imelegea, au mpangilio wa BIOS bado unaitafuta diski iliyotolewa.

Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, ikiondolewa au ikiisha, mipangilio ya BIOS hurudi ilivyotoka kiwandani. Hapo Windows iliyokuwa sawa inaweza kugoma kwa sababu tu namna ya kusoma diski imebadilika. Hivyo, kabla ya kufungua kompyuta, ni vyema kurasa za BIOS zipigwe picha kwa simu.

Kompyuta nyingine huomba nambari ya kufungulia diski, yenye tarakimu 48, baada ya kuona kifaa kigeni. Nambari hiyo huwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta.

Usikubali diski ifutwe haraka

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Kifaa kibovu hununuliwa kingine, lakini picha za familia, hesabu za duka au kazi ya mwanafunzi zikifutwa huenda zisirudi. Skrini nyeusi haitibiwi kwa kufuta diski. Fundi akipendekeza hivyo, aulizwe sababu, na diski itolewe na kunakiliwa kwanza kwenye kompyuta nyingine.

Kwa wenye saiba kuna wajibu wa ziada. Diski zao huwa na nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Kompyuta inayopelekwa kwa fundi inaweza kutolewa diski ikiwa tatizo ni la RAM au pawa saplai.

Wakati wa kununua

- Mnunuzi aende na kifaa cha zamani, au picha ya kibandiko chake na jina kamili la modeli ya kompyuta.
- Kifaa kijaribiwe dukani, ikiwezekana ndani ya kompyuta yenyewe.
- Risiti itaje kifaa, nambari yake na muda wa dhamana. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza muuzaji kudai kwamba kifaa kilichotumika ni kipya.
- Fundi arudishe vifaa vyote alivyotoa. Vya zamani vitunzwe hadi kipya kifanye kazi wiki kadhaa bila hitilafu.
- Anayetaka kuhamia Windows 11 ajue kwamba RAM pekee haitoshi. Inahitajika chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 na kuendelea.

Kilichokufa kisiende jaani

Bodi, betri na pawa saplai zilizoharibika zina madini yenye sumu kama risasi. Zisichanganywe na taka za nyumbani zinazoishia Dandora, wala zisichomwe ili kupata shaba. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe. Vifaa hivyo vipelekwe kwa wanaorejeleza taka za kielektroniki wenye leseni, au virudishwe kwa muuzaji anayevipokea.

Na mwenye saiba wa Kawangware? Akirudisha RAM ya zamani na kompyuta ikawaka, anaweza kuwahudumia wateja wake siku hiyo hiyo, kisha arudi Luthuli kesho yake na risiti mkononi.