Maliza wembe ulio nao kabla ya kununua mwingine



Wazazi wengi wa Kivu na Tanganyika wana watoto waliokuja huku Lualaba kutafuta kazi ya madini. Mtoto anapata kazi, mshahara unaingia, lakini mwisho wa mwezi hakuna kinachotumwa nyumbani. Sababu ni nyingi: nyumba ya kupanga ni ghali, chakula ni ghali, madeni yapo. Lakini pia kuna matumizi madogo ambayo hakuna anayeyahesabu. Leo tunataka kueleza moja tu kati ya hayo, ili tuone yanavyofanya kazi: vitu vya kunyolea ndevu.

Msomaji asicheke. Ukielewa kwa nini kijana ana nyembe, sabuni na marashi ya kumtosha mwaka mzima na bado ananunua vingine, utaelewa pesa yake inakoenda.

Kwa nini kunyoa ni jambo kubwa hapa

Katika mji wa madini kunyoa si urembo peke yake. Anayefanya kazi penye vumbi au mvuke wa asidi huvaa barakoa ya mpira inayobana uso. Barakoa hiyo humlinda ikiwa tu imekaa juu ya ngozi. Ndevu, hata fupi, huacha upenyo, na vumbi hupita humo hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana kazi nyingi za namna hii hudai mtu awe amenyoa. Na kuanzia Mei hadi Septemba, mvua zikiwa zimekatika, vumbi la barabara za malori linafuata watu mpaka vitandani.

Basi kijana ananyoa mara nyingi kuliko alivyozoea kwao. Baada ya wiki chache shingo inatoka vipele, inawasha, inaacha madoa meusi. Rafiki anamwambia, sabuni yako ni mbaya, nunua ile. Ananunua. Vipele havijaisha. Mwingine anamwambia, tatizo ni wembe, chukua wenye makali matatu. Anachukua. Halafu povu la mkebe, halafu mafuta, halafu marashi ya kupaka baada ya kunyoa. Tunapotembelea vijana majumbani tunaviona dirishani: mkebe uliobaki nusu, sabuni mbili zilizoanzwa, chupa tatu, na pakiti mpya juu yake. Huyu si mpenda anasa. Ni mtu anayetafuta nafuu, naye amefundishwa kuitafuta dukani.

Vipele vinatoka wapi

Nywele za wengi wetu hujikunja. Unywele uliokatwa huacha ncha kali, na unapoota tena hujipinda na kuingia ndani ya ngozi. Mwili unauona kama mwiba, unavimba. Hicho ndicho kipele.

Wembe wenye makali mengi unaweza kuongeza shida hiyo. Ukali wa kwanza unavuta unywele, wa pili unaukata, na kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Ngozi inakuwa laini kwa siku moja au mbili, kisha ncha inaanza kutafuta njia ya kutoka. Kwa mwenye ndevu za kujikunja, kitu cha bei kubwa kinaweza kumletea maumivu zaidi ya wembe wa kawaida wenye ukali mmoja.

Dawa ya kwanza basi haiko dukani. Iko katika namna ya kunyoa. Lowesha uso kwa maji ya vuguvugu dakika mbili au tatu, kwa sababu unywele ukinywa maji hulainika na kukatika kwa urahisi. Paka povu la sabuni, ambalo hushikilia maji na kufanya wembe uteleze. Pitisha wembe kufuata upande nywele zinakoota, bila kukandamiza na bila kurudia mara nyingi mahali pamoja. Usivute ngozi sana. Suuza kwa maji baridi, kausha kwa kitambaa safi. Vipele vilivyojaa usaha, au madoa yanayozidi, ni vya kuonyesha kituo cha afya.

Hesabu vitu vilivyotajwa hapo: maji, sabuni, wembe, kitambaa. Vyote tayari vimo chumbani mwake.

Biashara iliyojengwa juu ya kutupa

Zamani wembe ulikuwa kisu kilichonolewa, na baba aliweza kumrithisha mwanawe. Mwaka 1901 Mmarekani King Camp Gillette alianzisha kampuni huko Boston akiwa na wazo jingine: mpini wa kudumu, na wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Mwaka 1903, wa kwanza wa mauzo, aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Lakini wazo lilikuwa na nguvu, maana aliyenunua mpini mara moja alilazimika kurudi kununua nyembe. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Marekani liliwapa askari wake vifaa hivyo, nao wakarudi nyumbani na mazoea hayo.

Mwaka 1975 kampuni ya Bic ilileta wembe ambao hata mpini wake ni wa kutupwa. Wengine wakaongeza makali: mawili, kisha matatu mwaka 1998, kisha matano mwaka 2006. Hatusemi watu hao walitenda dhambi. Tunasema jambo rahisi: biashara ya namna hii huishi kwa wewe kurudi dukani. Haina sababu ya kukuambia kwamba ulicho nacho kinatosha. Kazi hiyo ni yako mwenyewe.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Mtu ananyoa mara tatu kwa wiki. Kwa mwaka ni mara 156. Ikiwa wembe mmoja unamtosha mara tano, atatumia nyembe 31 au 32, yaani pakiti tatu za nyembe kumi kumi na nyembe mbili juu yake. Sasa tuseme katika sanduku lake kuna pakiti kumi, alizonunua moja moja kila alipopita sokoni. Hizo ni nyembe 100, za kunyoa mara 500. Ana nyembe za miaka mitatu na zaidi, na Jumamosi ijayo atanunua nyingine.

Tuseme tena kwamba vitu hivi vyote, sabuni, povu na marashi, vinamtoa dola mbili kwa wiki. Kwa mwaka ni dola 104. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini ya sekondari inalipiwa, na kila mzazi anayesoma hapa anajua dola 104 zingefanya nini kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya shule.

Wengine hujibu: bei inapanda, franka inayumba, afadhali kuweka vitu kuliko pesa. Jibu hilo lina ukweli, na watu wa Kongo wamelijifunza kwa mateso. Pakiti moja ya akiba ni busara. Lakini nyembe 100 haziwezi kulipa hospitali usiku wa manane, wala huwezi kuzipeleka katika likelemba zamu yako ikifika.

Nao msukosuko huja. Mnamo 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Zuio likaongezwa, na mauzo yakafunguliwa tena kwa viwango maalum mwezi wa Oktoba. Mji unaoishi kwa kobalti hauwezi kupanga maisha kana kwamba jambo hilo halitatokea tena. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu, mlioona benki zikifungwa mwaka huohuo, hamhitaji kufundishwa thamani ya pesa kidogo iliyo mkononi.

Somo la Kingamyambo

Karibu na mji wetu kuna mahali panaitwa Kingamyambo. Tangu miaka ya 1950, enzi za Union Minière na baadaye Gécamines, kiwanda cha kuosha madini cha Kolwezi kilimwaga mabaki yake huko na katika bonde la mto Musonoi. Madini mazuri yalichukuliwa, matope yakaachwa. Yakarundikana, tani zaidi ya milioni 100, na kwa miaka mingi yaliitwa takataka.

Lakini ndani ya matope hayo mlikuwa na shaba na kobalti ambazo mitambo ya zamani haikuweza kuzitoa. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Metalkol inayachimbua na kuyachakata upya. Wakubwa wa dunia wamegundua faida katika kile kilichoachwa kabla ya kumalizwa. Sisi tunaoishi kando ya Kingamyambo tungekuwa watu wa kwanza kuelewa somo hilo, hata katika kipande cha sabuni.

Biblia nayo inatutangulia. Katika 2 Wafalme 4, mjane mwenye deni alipomlilia Elisha, nabii alitaka kwanza kujua ana kitu gani nyumbani. Kulikuwa na mafuta kidogo tu, na msaada ulianzia hapo. Na katika Yohana 6, baada ya watu kushiba, Yesu aliagiza mabaki yakusanywe yasipotee. Aliyeweza kuzidisha mikate hakuona aibu kuokota vipande. Wala hatusemi kujipamba ni ubaya, maana Yusufu mwenyewe alinyoa kabla ya kusimama mbele ya Farao. Swali si kama tunyoe. Swali ni kama tunatumia tulichopewa, au tunakirundika.

Mahali ambapo kubana matumizi kunakoma

Hapa tunaomba tusieleweke vibaya. Kumaliza ulicho nacho si kuazimana wembe. Wembe ni wa mtu mmoja. Hata pale usipoona jeraha, unaweza kubaki na damu kidogo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, na virusi vya UKIMWI navyo vinaweza kupita kwa wembe wenye damu mbichi. Baba na mwana, mume na mke, ndugu wanaolala chumba kimoja: kila mmoja na wake. Kwa kinyozi, dai wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako, au mashine isafishwe kwa dawa. Hiyo si dharau kwa kinyozi.

Vilevile wembe wenye kutu, au unaovuta nywele badala ya kukata, umekwisha. Utupe. Kuung'ang'ania ni kujikata bure. Lakini usiutupe ovyo penye watoto wanaotembea bila viatu. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa, tumbukiza humo nyembe zilizokwisha, na likijaa lifunge na ulifukie kwa kina.

Tufanye nini

Tunapendekeza hatua ambazo mtu anaweza kuzianza jioni hii.

Kwanza, toa vyote nje, uviweke juu ya meza na uvihesabu. Wengi hununua kwa sababu hawajui walicho nacho.

Pili, tazama vilivyofunguliwa. Juu ya vingi kuna picha ya kopo dogo lililo wazi na namba kama 12M, maana yake kitumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Kilichobadilika harufu au rangi kiondoke. Vinavyofaa vipange foleni, na kimoja kiishe ndipo kingine kianze.

Tatu, tunza kinachotumika. Suuza wembe, kung'uta maji, uache ukauke mbali na ndoo ya kuogea. Sabuni ikae mahali inapoweza kukauka, maana inayolala majini huyeyuka bure. Vipande vidogo vibandike juu ya sabuni mpya.

Nne, pakiti zilizofungwa ambazo hutazimaliza mwaka huu, mpe ndugu aliyefika mjini juzi na anayetafuta kazi. Atazihitaji kabla ya mshahara wa kwanza.

Tano, kila ukipita dukani na mkono ukaenda mfukoni, ile pesa ambayo ungeitoa iweke kando siku hiyohiyo, kwenye kopo au kwenye simu. Usipoitenga itaondoka kwa mlango mwingine, na wembe utakuwa umesingiziwa bure.

Akina mama, mambo haya si ya wanaume peke yao. Krimu, mafuta ya nywele na manukato hufuata njia ileile. Wazee wa kanisa, tunawaomba mliseme jambo hili kwa vijana kwa upole, bila kuwaaibisha. Na ninyi wazazi wa mashariki, mkiongea na mtoto aliye huku, kabla ya kumuuliza ametuma nini, muulizeni kwanza ana nini nyumbani. Aanzie hapo.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu.