Biashara ya Mapaa ya Kukunja katika Magari ya Zamani

Mwaka 1965 viwanda vya Marekani viliunda magari ya paa la kukunja zaidi ya laki tano. Na ulipofika mwaka 1976, ilipotangazwa kuwa Cadillac Eldorado ndiyo ya mwisho katika jinsi yake, zilitoka 14,000 tu, na wengi walizinunua si kwa kuzipanda bali kwa kuziweka akiba, wakidhani kwamba kitu kisichoundwa tena hakina budi kupanda thamani. Hesabu yao haikusimama, kwani Chrysler ilirudi sokoni na LeBaron ya paa la kukunja mwaka 1982, na Cadillac yenyewe ikafuata mwaka 1984. Waliopata faida ya kudumu katika kisa hicho ni watu ambao huenda hawakununua gari hata moja, yaani mafundi na wenye viwanda vidogo ambao, baada ya makampuni makubwa kuacha kutengeneza vipuri vya magari hayo, waliirithi kazi ya kuyaweka mapaa yake katika hali ya kufunguka na kufungika.

Plymouth ndiyo iliyotangulia mwaka 1939 kuinua paa pasi na mkono wa mtu, kwa kuitumia nguvu ya injini ya kufyonza hewa. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili mtindo uliotamalaki ni ule wa mafuta na umeme. Kitambaa kizito hutandazwa juu ya fito za chuma, na fito hizo husukumwa na silinda mbili, moja kila upande, zinazopokea mafuta kutoka kwenye pampu yenye mota ya umeme: mota ikizunguka upande huu mafuta huingia chini ya pistoni na paa hupanda, ikizunguka upande wa pili mafuta huingia juu yake na paa hulala. General Motors, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitumia katika mfumo huo mafuta ya breki, na kwayo ikaendesha hata vioo vya madirisha na viti, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa werevu uliokosa busara, maana mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, huzitia silinda kutu kwa ndani, na yakivuja hula rangi ya gari. Baadaye yakatumika mafuta ya gia za otomatiki. Ndiyo sababu fundi hodari, kabla ya kushika spana, huuliza kwanza ni mafuta gani yaliyomo, kwa kuwa sili za mpira zilizofanywa kwa aina moja huvimba na kuharibika zikikutana na aina nyingine.

Hapa ndipo uchumi wa kazi hii unapodhihirika. Sili yenyewe ni kitu cha thamani ndogo sana. Lakini ikichakaa, mafuta huchuruzika nyuma ya kiti, zulia huoza, fimbo ya silinda hushika kutu, na fimbo yenye kutu huikata sili mpya mara tu inapotiwa, hata mwenye gari akajikuta analipia silinda nzima. Aidha, ujira wa kuitafuta ila aghalabu huzidi bei ya kipuri. Fundi mwaminifu huzifungua silinda kutoka kwenye fito, kisha huliinua paa kwa mikono: likiwa zito, kosa ni la bawaba kavu au fito zilizopinda, likiwa jepesi, ndipo atazame pampu, mafuta, na waya wa ethi, ambao ukishika kutu huinyima mota nguvu. Asiye mwaminifu huuza pampu mpya kwanza, na paa likiendelea kusuasua, huuza nyingine.

Wapo waliojitenga na kazi za kawaida wakashika magari yenye mushkili mkubwa zaidi. Ford Skyliner ya 1957 hadi 1959, iliyoundwa kiasi cha 48,000, haina kitambaa kabisa, bali paa zima la chuma huingia ndani ya buti kwa mota, rilei na swichi zinazopokezana zamu. Na Lincoln Continental ya milango minne, ya 1961 hadi 1967, hufungua kifuniko cha buti kwa nyuma, hulimeza paa, kisha hujifunga. Swichi moja ikichoka, kazi yote husimama katikati, kifuniko kikiwa wazi na mvua ikinyesha. Mtu anayeujua mfuatano wa swichi hizo kwa moyo hana haja ya kutangaza biashara yake. Magari huletwa kwake juu ya malori kutoka majimbo ya mbali.

Upande wa kitambaa, kampuni ya Haartz ya Massachusetts, iliyoanzishwa 1907, huviuzia viwanda vya magari na washonaji wa mapaa ya kubadilisha pia. Hata hivyo gharama kubwa imo katika kutandaza kwenyewe, kazi ya mikono inayotaka kitambaa kivutwe sawasawa pande zote, kwani kikikosewa kwa upana wa kidole dirisha la nyuma hukunjamana na maji hupenya.

Mwenye gari anaweza kujiepusha na sehemu kubwa ya gharama hizi kwa kutolikunja paa likiwa maji, kuzibua matundu ya kutolea maji, kutolikunja dirisha la plastiki katika baridi kali, na kuliendesha paa mara kwa mara, maana sili hukauka gari likilala. Wanunuzi wa siku hizi wanayajua hayo, na kabla ya kutaja bei hutaka waone paa likipanda na kushuka injini ikiwa imezimwa, ili udhaifu wa mota na nyaya usifichwe na umeme wa jenereta. Na muuzaji akikataa, huipunguza bei kana kwamba pampu, silinda na kitambaa vyote vimekwisha kufa.