TAIRI LA BEI NAFUU LISILOPATA PANCHA OVYO
Mambo ya kutazama kabla ya kutoa pesa yako



Baiskeli ni mguu wa familia nyingi hapa kambini. Inabeba chakula siku ya mgao, maji, kuni, mtoto anayekwenda shule na mgonjwa anayekwenda zahanati. Kwa wengine ni kazi. Na wengi wa wanaofanya kazi hiyo hawaendeshi baiskeli yao wenyewe, bali wameikodi. Mwenye baiskeli hakuulizi umepata pancha ngapi. Jioni anauliza hesabu yake ya siku.

Kwa hiyo tairi si jambo dogo. Tairi baya linaweza kula kipato cha wiki nzima, shilingi chache chache, bila wewe kuona pesa imekwenda wapi. Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuchagua tairi linalovumilia miba bila kulipa bei kubwa kuliko uwezo wako.

MPAKANI WALIJIFUNZA MAPEMA

Eneo la chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, lina miji ya mpakani ya Busia na Malaba, na upande wa Uganda mji wa Tororo. Ni Busia ambako katika miaka ya 1960 vijana walianza kuwavusha watu kwa baiskeli kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda. Waliita abiria kwa sauti, "Boda! Boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Jina hilo leo linajulikana Afrika Mashariki yote, ingawa sehemu nyingi pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli.

Baadhi yenu mnaijua mipaka hiyo vizuri. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi nchini Kenya, maelfu walivuka Busia na Malaba wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo baadaye mwaka huohuo. Aliyepita huko ameona baiskeli zikibeba magunia, mikungu ya ndizi na abiria. Ameona pia watu wenye ulemavu wakivusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo kila siku hanunui tairi kwa kutazama rangi.

NI NINI KINACHOTOBOA TAIRI?

Kabla ya kuchagua, jua adui yako.

1. Miba. Mibaya zaidi ni ya mgunga na ya mathenge, kwa kuwa ni mirefu na migumu. Mbigili ni mdogo, lakini tunda lake lina ncha kila upande. Likianguka vyovyote, ncha moja hutazama juu.

2. Waya mwembamba. Kwenye barabara kuu kama ile ya Malaba hadi Tororo, matairi ya malori hupasuka na kuacha vipande kando ya lami. Ndani yake mna nyuzi za chuma nyembamba kama sindano. Unapopanda baiskeli kando ya lami, unapita palepale zilipolala.

3. Upepo mdogo. Tairi lisilojazwa vizuri likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu. Utakuta matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba. Ukiona hivyo usilaumu miba. Laumu pampu.

4. Rimu yenyewe. Kichwa cha spoku kikijitokeza, hutoboa tyubu kutoka ndani. Tundu likiwa upande wa tyubu unaotazama rimu, tairi halina kosa.

ANZA NA NAMBA

Watu wengi hupoteza pesa kwa kununua tairi lisiloingia. Neno "ishirini na sita" peke yake halitoshi.

Ubavuni mwa tairi mna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo isiyokubali makosa.

Baiskeli nyingi za mauntini hutumia tairi lililoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, na namba yake ni 559. Lakini lipo tairi lingine lililoandikwa 26 x 1 3/8, la baiskeli za mjini, na namba yake ni 590. Yote mawili huitwa "ishirini na sita", lakini vipenyo vyake vinapishana kwa milimita 31. Lile la 590 litalegea kwenye rimu ya mauntini.

Ile baiskeli kubwa nyeusi ya keria nzito kwa kawaida huvaa 28 x 1 1/2, namba 635. Usiichanganye na 622, ambayo ni ya baiskeli za aina nyingine ijapokuwa baadhi ya wauzaji huiita pia "ishirini na nane".

Andika namba ya tairi lako kuukuu kwenye karatasi kabla ya kwenda sokoni. Kama una baiskeli ya magurudumu matatu, soma namba ya kila gurudumu peke yake, kwa sababu la mbele huenda likawa tofauti na ya nyuma.

UNENE NI BORA KULIKO MENO

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Tairi la mauntini lenye meno makubwa linaonekana kali, na mtu hufikiri kwamba meno hayo yatazuia miba. Sivyo. Meno husaidia kushika ardhi kwenye matope na mchanga. Mwiba hauchagui kupita kwenye jino. Unapita katika bonde kati ya jino na jino, na huko mpira wa matairi mengi ya bei ya chini ni mwembamba sana.

Kwa njia ngumu ya changarawe au lami, tafuta tairi ambalo katikati yake mpira umeungana, bila mabonde makubwa, na meno yako pembeni tu. Pia linateleza vizuri zaidi barabarani, na miguu yako itakushukuru.

Ukiwa dukani fanya hivi:

- Shika matairi mawili ya namba moja, moja kila mkono. Mara nyingi lililo zito zaidi ndilo lenye mpira mwingi.
- Bonyeza kwa kidole gumba katika bonde la meno. Likibonyea kwa urahisi kama ngozi laini, mwiba nao utapita kwa urahisi.
- Likunje kidogo na utazame ubavu. Ukiona nyufa ndogondogo, tairi limekaa juani muda mrefu. Liache, hata kama ni jipya.
- Tazama ndani. Nyuzi zisionekane zimekatika wala kuvimba.
- Pitisha mkono kwenye waya wa ukingo. Usiwe umepinda au kujitokeza.
- Ukiona 4 PR au 6 PR, hicho ni kipimo cha uwezo wa kubeba mzigo. Anayebeba abiria au magunia achague namba kubwa. Hata hivyo kipimo hicho peke yake hakizuii miba.

YALE MATAIRI YA BEI KUBWA

Yako matairi yaliyotengenezwa maalumu kuzuia pancha. Mengine yana utepe wa Kevlar chini ya mpira. Kevlar ni nyuzi ngumu zilizogunduliwa mwaka 1965 na mwanakemia wa Marekani, Stephanie Kwolek, na hutumika pia katika fulana za kuzuia risasi. Mengine, kama Marathon Plus ya kampuni ya Schwalbe ya Ujerumani, yana tabaka la mpira laini lenye unene wa milimita 5 chini ya mpira wa juu. Mwiba mfupi huishia humo kabla ya kuifikia tyubu.

Ni matairi mazuri, lakini bei yake ni kubwa kwa wengi wetu. Basi tazama siri yake ni nini: ni kuweka umbali kati ya ncha ya mwiba na tyubu. Umbali huo unaweza kuupata kwa njia nyingine.

TAIRI NDANI YA TAIRI

Mafundi wengi hutumia tairi kuukuu kama kinga ya ndani. Kazi hii ikifanywa vizuri, tairi la bei ya kawaida huwa na nguvu kubwa. Ikifanywa ovyo, kinga yenyewe ndiyo inayotoboa tyubu. Fuata hatua hizi:

1. Chukua tairi kuukuu lililolika hadi kuwa laini na jembamba, lakini lisilopasuka. Lichunguze kwa vidole, polepole, uondoe miba na nyaya zote.
2. Kata na utupe kingo zote mbili zenye waya, pamoja na mbavu. Bakiza ukanda wa katikati tu.
3. Chonga kingo za ukanda na ncha zake kwa kisu kikali hadi ziwe nyembamba. Maliza kwa msasa. Ukingo mnene hukata tyubu, kwa hiyo usiruke hatua hii.
4. Weka ukanda ndani ya tairi katikati, ncha zake zikutane bila kupandana kwa unene.
5. Paka poda kidogo kati ya ukanda na tyubu ili visisuguane.
6. Jaza upepo kidogo, zungusha gurudumu, hakikisha tairi limekaa sawa pande zote, kisha jaza kabisa.

Baiskeli itakuwa nzito kidogo. Huo ndio utakaolipa badala ya pancha. Kama una ukanda mmoja tu, uweke gurudumu la nyuma, kwa sababu ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito, hasa ukiwa na abiria kwenye keria.

Usijaze nyasi wala matambara mahali pa tyubu, ila kwa dharura ya kufika nyumbani. Rimu hupinda na spoku hukatika, na kuzitengeneza ni ghali kuliko tairi.

HESABU YA MWEZI

Usiulize tu "Tairi hili ni bei gani?" Uliza pia, "Litanigharimu kiasi gani kwa mwezi?" Tutoe mfano. Weka bei za soko lako badala ya hizi.

Tairi la kwanza ni shilingi 600. Linadumu miezi 3 na linapata pancha mara 4 kwa mwezi. Kuziba pancha ni shilingi 30. Kila mwezi: 200 za tairi na 120 za viraka, jumla 320.

Tairi la pili ni shilingi 1,000. Linadumu miezi 8 na linapata pancha mara 1 kwa mwezi. Kila mwezi: 125 za tairi na 30 za kiraka, jumla 155.

Lililoonekana ghali limegharimu chini ya nusu. Na hapo hatujahesabu abiria waliokupita ulipokuwa umekaa chini ya mti ukingoja gundi ikauke.

Kama pesa ya matairi mawili haipo, nunua moja zuri kwa nyuma na ulipe la mbele baadaye. Lakini mbele usifunge kamwe tairi lililopasuka au lililovimba. Likilipuka mbele, utaanguka wewe na uliyembeba. Kama mko katika chama cha kuweka na kukopa, mnaweza kukubaliana kununua matairi kadhaa kwa pamoja. Mfanyabiashara husikiliza zaidi anapouza mengi.

BAADA YA KUFUNGA

- Jaza upepo kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni. Kama huna kipimo, mwambie mtu aketi kwenye keria. Tairi litanuke kidogo tu pale linapogusa ardhi.
- Funga tairi maandishi yake yakiwa mbele ya vali. Siku ya pancha, tundu la tyubu litakuonyesha mwiba uko sehemu gani ya tairi.
- Usirudishe tyubu kabla hujaupata mwiba. Kiraka kipya juu ya mwiba wa zamani ni pesa ya bure.
- Kila jioni zungusha magurudumu polepole, utoe miba ambayo haijazama. Mwiba wa leo huleta pancha ya kesho.
- Weka baiskeli kivulini, na usiache mafuta ya taa au oili iguse mpira.

KUMBUKA

Namba kwanza. Unene kuliko meno. Kinga ya ndani kwa gurudumu la nyuma. Upepo wa kutosha. Tafuta mwiba kabla ya kiraka.

Tafadhali, ukimaliza kusoma ukurasa huu mpe jirani, na umsomee asiyejua kusoma. Ukiwa fundi, ubandike mahali wateja wako watauona.