Ukiambiwa "Tunakuwekea Toleo Jipya la Imeli", Uliza Haya Kwanza

Boss, soma hii kabla hujamjibu "sawa" mtu anayekuhudumia tovuti na imeli ya duka.

Siku moja mteja wangu wa Kahama alinipigia simu: "Kaka, imeli yako inakataa. Nimetuma oda mara mbili, inarudi. Nimeshachukua kwa mwingine." Ilikuwa oda ya mabuti, glovu na mikanda ya karasha. Mzigo nilikuwa nao dukani hapa Masumbwe na bei tulishakubaliana. Kuuliza kwa wanaonihudumia, naambiwa usiku ule walikuwa "wanajaribu toleo jipya la seva". Wanajaribu kwa oda zangu!

Tangu hapo nimejifunza mambo kadhaa. Leo nakupa.

SEVA YA IMELI NI NINI?
Ukiwa na anwani yenye jina la duka lako, ile inayoishia na .co.tz, kuna kompyuta mahali inayopokea na kutuma imeli zako saa 24. Ifikirie kama ofisi ya vifurushi pale stendi: mzigo unaingia, unaandikwa, unapewa mwenyewe. Ndani yake kuna programu. Postfix na Exim kazi yao ni kupokea na kusafirisha. Dovecot inakutunzia imeli na kukupa ukifungua simu. Wewe huzioni, lakini oda zako zote zinapita humo.

TOLEO LA MAJARIBIO SI LAZIMA LIWE BOVU
Gmail yenyewe ilianza 1 Aprili 2004 ikiwa na neno "beta", na neno hilo halikuondolewa mpaka Julai 2009. Miaka mitano watu wanaitumia!

Maana ya majaribio ni hii: waliotengeneza bado wana ruhusa ya kubadilisha vitu, na hawajakuahidi kwamba kilichofanya kazi leo kitafanya kazi kesho. Wenye Postfix wanatoa matoleo ya aina mbili, la majaribio na lililotulia. Kitu kipya kinaanzia kwenye majaribio, kikikomaa kinaingia kwenye lililotulia, ambalo hutoka karibu kila mwaka.

VITU VIPYA VINA FAIDA GANI KWAKO?
Mfano mzuri ni Postfix 3.10, iliyotoka Februari 2025. Moja ya mambo yaliyoanzia kwenye matoleo yake ya majaribio ni kushiriki kwenye ripoti zinazoitwa TLSRPT. Kwa lugha ya stendi: magari yanayoleta mizigo kwako yanakuandikia kila siku, "Leo tulifika mara kadhaa, mara mbili kufuli ya mlango wako haikufanya kazi." Yaani seva za wengine zinakuambia zilishindwa kuungana na yako kwa njia salama. Google na Microsoft wanatuma ripoti hizi tayari. Kadiri programu kama Postfix zinavyojiunga, ndivyo unavyojua tatizo mapema, kabla mteja hajakupigia kwa hasira au hajaenda kwa jirani.

Kwa hiyo sikwambii ukatae vitu vipya. Nakwambia visijaribiwe juu ya oda zako.

HATARI IKO WAPI HASA?
Hapa ndipo wengi hatuelewi. Seva ikizimika tu, imeli kwa kawaida haipotei. Seva ya mteja inaona hakuna mtu, inasubiri, inajaribu tena. Postfix isipobadilishwa mipangilio hujaribu hadi siku 5. Umeme ukirudi au mtandao ukikaa sawa, oda inaingia.

Hatari ni seva iliyowaka lakini imepangwa vibaya. Seva zinajibizana kwa namba. Namba inayoanza na 4, kama 450, maana yake "njoo baadaye". Inayoanza na 5, kama 550, maana yake "nimekataa, usirudi". Toleo jipya likikosewa mpangilio mmoja, linaweza kujibu 550 kwa kila mteja, na oda zinarudi palepale. Ndicho kilichonikuta mimi.

Na kukosea ni rahisi. Dovecot 2.4 ilipotoka Januari 2025, mipangilio ya 2.3 haikukubali kuhamishwa ilivyo, ilibidi iandikwe upya. Hilo ni toleo lililotulia kabisa! Sasa piga picha la majaribio.

MASWALI 5 YA KUMUULIZA ANAYEKUHUDUMIA
1. Hili ni toleo lililotulia au la majaribio? Akizungukazunguka, jibu umeshalipata.

2. Kwa nini sasa? Asikutishe kwamba la zamani limekufa. Postfix huhudumia matoleo manne yaliyotulia kwa wakati mmoja. 3.10 ilipotoka, iliyoachwa ni 3.6. Kama yako bado imo kwenye hayo manne, muda wa kupanga unao.

3. Mnaweza kujaribu pembeni? Wakufungulie anwani ya majaribio kwenye seva nyingine, chini ya jina dogo la domeini yako. Rekodi ya MX ya duka, ile inayoelekeza imeli zako ziende wapi, isiguswe mpaka mridhike.

4. Kama ni Postfix, mtawasha soft_bounce siku ya kuhama? Huu ni mpangilio uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Unageuza ile "nimekataa" kuwa "njoo baadaye". Wakikosea, oda zinasubiri badala ya kurudi. Wakimaliza wauzime.

5. Mtahama lini? Sema wewe. Usikubali siku ambayo unasubiri majibu ya kotesheni.

WEWE MWENYEWE FANYA HAYA
Hifadhi imeli za zamani kwenye kompyuta. Angalizo: simu nyingi zinaonyesha tu kilichopo kwenye seva. Kikifutwa kule, na simuni kinaondoka. Tumia programu kama Thunderbird, nakili imeli kwenye folda za ndani ya kompyuta yenyewe.

Wakishahama, tuma imeli moja kwenda Gmail yako na nyingine kutoka Gmail kuja dukani. Usiridhike na kwenda tu, maana oda zinakuja upande wa pili. Ile iliyofika Gmail ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, chagua Show original. Angalia SPF, DKIM na DMARC, zote ziandikwe PASS.

SPF ni orodha ya seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la duka lako. DKIM ni muhuri unaoonyesha kifurushi hakijafunguliwa njiani. DMARC ni maagizo: kikija kisichopita ukaguzi, kifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google anataka kila anayetuma kwenda Gmail awe angalau na SPF au DKIM. Wanaotuma zaidi ya 5,000 kwa siku wanatakiwa kuwa na zote tatu. Sisi hatufiki huko, lakini weka zote. Bila hizo, hata seva mpya kabisa itakupeleka kwenye spamu, na mteja atasema hujamjibu.

Mwisho, siku ya kuhama waandikie wateja wako wakubwa WhatsApp: "Leo tunabadilisha mfumo wa imeli. Ukiona imerudi, nipigie." Ningeandika maneno hayo siku ile, mzigo wa Kahama ungetoka dukani kwangu.

Kama una mwenzako Katoro, Ushirombo au Runzewe anayepokea oda kwa imeli, mtumie hii. Na kama umeshaambiwa "tunahamia toleo jipya", andika kwenye komenti walikueleza nini, tusaidiane kabla hujasema sawa.